Mimea ya pwani yaweza kuchukua nafasi ya nyasi za kumwagilia

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za Mbezi, Tegeta na Kigamboni, kazi ya kwanza ya asubuhi wakati wa kiangazi ni kuburuta mpira wa maji kuelekea kwenye nyasi. Kwa jiji ambalo Oktoba 2022 liliingia katika mgawo wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua kwa ukame, ni kazi inayostahili kuhojiwa.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya maji katika mita moja ya mraba ni lita moja. Mwenye uwanja wa mita za mraba 100 anayetaka kuupa milimita 5 kwa siku humwaga lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20, kila siku isiyo na mvua. Anayenunua maji ya boza anaijua thamani ya ndoo hizo kuliko mwandishi wa makala haya.

Wapo waliochoshwa na gharama hiyo wakasakafia uwanja wote kwa vitofali vya saruji. Joto likaongezeka, na maji ya masika yasiyopata pa kuzama yakahamia kwa jirani. Wengine hutandaza maranda ya mbao. Hayo huhifadhi unyevu kweli, lakini mvua kubwa ya kwanza huyasomba, na yakigusa ukuta huwa ni mwaliko kwa mchwa.

Njia ya tatu imo ufukweni, nasi huipita kila Jumapili bila kuitazama. Ni mlakasa, mmea utambaao juu ya mchanga mkavu, wenye majani yaliyopasuka katikati mfano wa kwato za mbuzi na maua ya zambarau yanayochanua asubuhi. Wataalamu huuita Ipomoea pes-caprae. Huvumilia chumvi, upepo na jua kali, na mashina yake hutoa mizizi kila penye kifundo, hivyo hushika mchanga usichukuliwe. Udongo wa kichanga ambao hufisha nyasi za bustani, kwa mlakasa ndio nyumbani.

Kwa sababu hiyohiyo, usiung'oe ufukweni. Pale unalinda mchanga, na katika pwani inayomomonyoka kama ya Kunduchi kila shina lina kazi yake. Vipande vichache vilivyokatwa kutoka bustani ya mtu mwingine vyatosha. Kipande cha sentimita 30 hivi, vifundo viwili au vitatu vikiwa chini ya udongo, nafasi ya nusu mita kati ya kimoja na kingine. Vikipandwa masika yanapoanza, mwezi Machi, mvua hufanya kazi iliyobaki. Kwa miezi ya mwanzo palilia, kwani magugu hayangoji. Baada ya hapo kazi ni kuukata usivuke mipaka, maana mlakasa hauna adabu katika kiwanja kidogo.

Chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopata jua, mlakasa hudhoofika. Hapo hufaa tikini, yaani Asystasia gangetica, wenye vijiua vyeupe au vya zambarau hafifu, na ambao majani yake machanga ni mboga. Karibu na bahari, ambako maji ya kisima yana chumvi, ipo mboga ya pwani yenye majani manene yaliyojaa maji, nayo pia huliwa.

Si kila kitambaacho ni cha kwetu, hata hivyo. Wedelia, wenye maua ya njano unaouzwa katika vitalu vingi vya kando ya barabara, asili yake ni Amerika ya kitropiki, nao umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kipande kimoja kikitupwa bondeni huota na kufunika kila kilichopo. Anayeuondoa auanike juu ya saruji mpaka ukauke kabisa kabla ya kuutupa. Tikini wetu nao, uliopelekwa Australia, umekuwa gugu huko. Ugeni ni suala la mahali. Vivyo hivyo nyasi za Kikuyu ni za asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, lakini joto la Dar es Salaam si kwao.

Ukoka nao usihukumiwe bila kusikilizwa. Ni nyasi za Afrika, na kiangazi hazifi. Hugeuka rangi ya kahawia, kisha huchipua mvua inaporudi. Tatizo ni sisi tunaozitaka ziwe kijani mwezi Januari. Aidha, hakuna mmea kati ya iliyotajwa unaostahimili mpira wa miguu wa watoto kama ukoka. Mwenye watoto abakize kipande chao.

Lipo pia suala la nyoka, ambalo kila mzee wa nyumba hulitaja kwanza, na kwa haki. Uwanja uliofagiliwa ukabaki mchanga mtupu ni desturi yenye sababu. Acha njia wazi ya mita moja au zaidi kuzunguka ukuta na mlango, kata mimea ibaki mifupi, na usiruhusu ipande juu ya rundo la mawe au matofali.