Bwana Anapokosa Nguvu ya Kiume

Mambo ya chumba cha bwana na bibi hatuyasemi sana kanisani, na watu wanaumia kimyakimya. Vijana pia wasome, kesho watakuwa na nyumba zao.

Mara nyingi inaanza hivi. Bwana anatoka kutumika usiku mzima, anafika nyumbani, mwili unakataa. Wiki ya pili ni vilevile. Anaona haya. Anaanza kubaki inje na wenzake mpaka bibi asinzie. Bibi hajui kitu, anawaza tu: "Huyu eko na mwanamuke mwingine." Anauliza kwa hasira, bwana anajibu kwa hasira zaidi, halafu wakwe wanaingia, na watu wanatafuta ni nani aliyemfunga, shangazi ao jirani. Nimeketi na nyumba za namna hiyo zaidi ya moja. Wote walikuwa wamekwisha kutafuta mchawi, lakini hakuna bwana aliyekuwa amepimwa tansio wala sukari.

Basi tuseme wazi. Uume unasimama kwa sababu damu inaingia kwa wingi na kuzuiwa mule ndani. Mishipa inayoleta damu hiyo ni myembamba sana, milimita 1 ao 2 tu. Ile ya moyo ni kama 3 ao 4. Mishipa ya mwili ikianza kuziba, ile myembamba ndiyo inaonyesha kwanza. Kwa hiyo shida hii inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2, 3, hata 5. Mwanaume anayeificha, pengine anaficha alama ya kwanza ya ugonjwa wa kumuua.

Sukari ni adui mkubwa: inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu pamoja. Tansio ya juu, tumbaku na unene vinafuata. Na lutuku! Wengi wanakunywa wakifikiri inaongeza nguvu, kumbe ikizoeleka inazimaliza. Kuna pia wale walioumia mgongo ao nyonga wakati shimo lilipoanguka, maana mishipa ya fahamu ya sehemu hiyo inatoka mgongoni. Wengine wanasumbuliwa na mawazo: deni, kufukuzwa kazi, kufiwa na mtoto. Kama uume unasimama wenyewe alfajiri, mara nyingi mishipa ni mizima na shida iko zaidi katika mawazo. Na kijana aliyeshindwa siku moja kwa woga ao uchovu, huyo si mgonjwa.

Wala si watu wachache. Kule Massachusetts, Marekani, wachunguzi waliuliza wanaume 1,290 wenye miaka 40 mpaka 70. Habari ilichapwa mwaka 1994: 52 kwa kila 100 walikuwa na shida hiyo, kidogo ao nyingi.

Sasa dawa za barabarani. Kidonge cha sildenafili kilipata ruhusa Marekani mwaka 1998, nacho ni dawa ya kweli. Lakini mtu anayemeza dawa za moyo zenye nitrati akikichanganya nazo, tansio inaanguka ghafula, anaweza kufa. Na "dawa za miti" zingine zimekutwa zimetiwa sildenafili kwa siri. Muuzaji wa sokoni hakuulizi kama moyo wako ni mzima. Anauliza franga tu.

Mama, usimcheke bwana yako, wala usipeleke habari kwa dada zake. Paulo katika 1 Wakorinto 7 aliandika juu ya haki ya wote wawili, basi ni neno la kuzungumza wawili, mchana, wakati hakuna anayengojea kitu kitandani.

Halafu nendeni hospitali pamoja. Munganga apime tansio, na sukari asubuhi kabla ya kula. Mwambie dawa zote unazomeza, maana dawa zingine za tansio zenyewe zinapunguza nguvu. Usiziache kwa akili yako. Yeye anaweza kukubadilishia. Na kama bwana anaona haya kusema mbele ya muuguzi msichana, aombe muuguzi mwanaume, ao bibi amsemee.