Miundonano ya Metali katika Spektroskopia ya Raman: Fursa na Mipaka katika Upimaji wa Sumukuvu

Mwaka 1928, mjini Calcutta, C. V. Raman alibainisha kwamba mwanga unapoigonga molekuli, sehemu yake ndogo hutawanyika ikiwa imebadilika rangi kulingana na mitetemo ya molekuli hiyo. Mabadiliko hayo huitambulisha dutu mithili ya alama za vidole. Hata hivyo, ishara hiyo ni dhaifu mno: takriban fotoni 1 tu kati ya milioni 10 hubadilika.

Mwaka 1974, Fleischmann, Hendra na McQuillan wa Southampton, Uingereza, walipata ishara kubwa ya piridini iliyonata kwenye elektrodi ya fedha yenye uso uliokwaruzwa, wakaihusisha na ongezeko la eneo la uso. Tafiti mbili za mwaka 1977, ya Jeanmaire na Van Duyne na ya Albrecht na Creighton, zilionyesha kwamba eneo pekee halielezi ukuzaji wa takriban mara 100,000 au zaidi.

Chanzo kikuu ni elektroni huru za fedha au dhahabu. Mwanga wa urefu wa wimbi unaofaa huzitikisa kwa pamoja, na uga wa umeme hujikusanya usoni, hasa katika nyufa za nanomita chache baina ya chembe. Kwa kuwa uga huo hukuza mwanga unaoingia na unaotoka, ishara hukua takriban kwa kipeo cha nne: uga ukiongezeka mara 10, ishara huongezeka mara 10,000.

Umuhimu wake kwa kanda uko wazi. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Kiwango cha Afrika Mashariki huruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi, kiasi ambacho Raman ya kawaida haiwezi kukibaini.

Lakini kipeo hichohicho kinachokuza ishara hukuza pia kosa. Tofauti ndogo ya upana wa ufa hubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa, na protini za mahindi hushindania uso uleule wa metali. Shehena inaweza kukataliwa mpakani bila haki, au sumu ikapita.

Kwa hiyo, vifaa hivi visichaguliwe kwa ukubwa wa ukuzaji unaotangazwa, bali kwa uthabiti wa matokeo juu ya sampuli za mahindi zenye kiwango kinachojulikana. Vitumike kuchuja shehena. Uamuzi wa mwisho uthibitishwe kwa kromatografia.