Kunyenyekea si kudhalilishwa: Funzo la maneno kutoka Japani na Uchina hadi Kibera

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kuna maneno mawili ambayo wenye mamlaka hupenda kuyachanganya: unyenyekevu na udhalilishaji. Mpangaji aliyechelewa kulipa kodi hutakiwa kunyenyekea mbele ya wakala aliyekwisha kung'oa mlango wa chumba chake. Kijana anayesimamishwa na polisi usiku huonywa aache kiburi, hata kama alichouliza ni kosa lake tu. Naye mama anayengoja kibarua cha kufua nguo mitaa ya Lavington hushauriwa aupokee ujira wowote atakaotajiwa, eti huko ndiko kujishusha.

Kwa wanaoambiwa maneno haya, suala si la kamusi tu. Mtu akiaminishwa kwamba kudhalilishwa ndiko kunyenyekea, atakosa hata neno la kulalamikia. Ndiyo maana inafaa tuyachambue maneno yenyewe, tuanze na Kiswahili, kisha tupige hodi kwa Wajapani na Wachina, ambao wana utajiri mkubwa wa istilahi za aina hii.

Unyenyekevu hutokana na kitenzi 'nyenyekea'. Katika tendo hili, anayeshusha na anayeshushwa ni mtu mmoja. Ndiyo sababu vitenzi vilivyo karibu nalo, kama vile 'kujishusha' na 'kujinyenyekeza', hubeba kiambishi 'ji' kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe.

Udhalilishaji una muundo tofauti. Shina lake ni 'dhalili', neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha mtu mnyonge asiye na hadhi. Kiambishi 'ish' kinaonyesha kwamba kuna anayemsababishia mwenzake hali hiyo, na mtendwa hana la kufanya ila kudhalilishwa. Kwa hivyo sarufi yenyewe inatudai jibu: Ni nani aliyedhalilisha?

Neno hili lina jamaa zake, na kila mmoja ana kazi yake. Kufedhehesha ni kuanika aibu ya mtu hadharani, kwa hivyo huhitaji macho ya watu. Kutweza ni kumvua mtu utu wake. Kudunisha ni kumpunguzia thamani, na kwaweza kutendeka pasipo shahidi yeyote, kwa mfano kwa njia ya malipo. Vijana wa mtaani wamefupisha yote hayo kwa neno moja, 'madharau'.

Wajapani wameuingiza unyenyekevu ndani ya sarufi yao. Lugha yao ya heshima ina sehemu mahususi, mbili kati ya hizo zikiwa 'sonkeigo', inayomkweza anayezungumziwa, na 'kenjōgo', inayomshusha msemaji. Kitenzi 'itadaku', kwa mfano, kilimaanisha kuweka kitu utosini. Leo hutumiwa na mtu anayesema kwamba amepokea kitu, kana kwamba amekiinua juu ya kichwa chake kwa taadhima. Aidha, Mjapani anayetoa zawadi aliyoinunua kwa bei ghali anaweza kuiita kitu kisicho na maana.

Hata hivyo, kuna sharti. Kenjōgo hutumika kwa matendo ya msemaji na ya watu wa upande wake. Ukiichukua ukaielekeza kwa matendo ya msikilizaji unayepaswa kumheshimu, umemkosea adabu. Kwa maneno mengine, Mjapani ana ruhusa ya kujishusha yeye, lakini hana ruhusa ya kumshusha mwenzake.

Unyenyekevu kwa Kijapani ni 'kenkyo', na kwa Kichina ni 'qianxu'. Matamshi yanatofautiana, lakini ni neno lile lile, maana Wajapani waliazima herufi za Wachina. Herufi ya kwanza ina alama ya usemi. Ya pili maana yake ni utupu. Mnyenyekevu, basi, ni mtu aliyeacha nafasi ndani yake ya kujifunza, mfano wa chombo ambacho hakijajaa.

Udhalilishaji, kwa upande mwingine, ni 'kutsujoku' kwa Kijapani na 'quru' kwa Kichina. Hapa pia herufi ni zile zile: ya kwanza ina maana ya kupinda au kuinama, na ya pili fedheha. Mnyenyekevu na aliyedhalilishwa wote wameinama. Tofauti ni kwamba mmoja ameinama kwa hiari na mwingine ameinamishwa. Nayo herufi ya aibu, katika umbo lake la kale, imeundwa kwa kuunganisha alama ya sikio na ya moyo.

Wachina vilevile huzungumzia aibu kwa kutaja uso. Mwaka wa 1944, mtafiti Hu Hsien Chin alichapisha makala akieleza tofauti kati ya 'mianzi', yaani hadhi aipatayo mtu kwa mafanikio yake, na 'lian', heshima anayopewa na jamii kwa uadilifu wake. Mswahili halihitaji somo refu kuyaelewa haya. Naye humwuliza aliyeaibika: Utauweka wapi uso wako?

Isitoshe, Wachina wana msemo 'bainian guochi', yaani karne ya fedheha ya taifa. Msemo huu hurejelea kipindi cha kuanzia Vita vya Kasumba vya miaka ya 1840 hadi mwaka wa 1949. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliilazimisha Uchina kuikabidhi Uingereza kisiwa cha Hong Kong. Kisha Mei 9, 1915, Uchina ilikubali madai ya Japani kwa shinikizo, na siku hiyo ikawa ikikumbukwa kama Siku ya Fedheha ya Taifa. Hapa kuna funzo chungu. Japani, ambayo lugha yake imejaa adabu ya kujishusha, ndiyo iliyomwinamisha jirani wake.

Hali kadhalika, kukumbuka fedheha ya kwenu si kinga ya kuwafedhehesha wengine. Mnamo Machi 2015, iliripotiwa kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, si mbali na Kibera wala Kawangware, ulikuwa ukiwazuia wateja Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Mnamo Septemba 2018, Kenya ilimfurusha mfanyabiashara raia wa Uchina aliyenaswa kwenye video akiwaita Wakenya nyani. Watu wachache hawawi kipimo cha taifa zima, lakini wanatuonyesha kwamba msamiati wa heshima haumfanyi mtu aheshimu.

Nasi tusinyooshe kidole kwa mgeni pekee. Jina Kibera limetokana na 'Kibra', neno la Wanubi lenye maana ya msitu. Wanubi hao walikuwa askari wa kikosi cha King's African Rifles na jamaa zao, waliopewa makao hapo na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, lakini wakanyimwa hati za ardhi. Vizazi vilivyofuata vilichukuliwa kama wageni, na vijana wao wakalazimika kuhojiwa na kamati maalumu kabla ya kupata kitambulisho. Mnamo Machi 2011, kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Hatimiliki ya ekari 288 ilitolewa mwaka wa 2017, zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Mwaka mmoja baadaye, Julai 23, 2018, matingatinga yalibomoa nyumba na shule Kibera ili kupisha barabara.

Hata lugha ya habari ina sehemu yake. Kibera na Kawangware huitwa 'vitongoji duni'. 'Duni' ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya chini, na ndilo lililozaa kitenzi 'kudunisha'. 'Mtaa wa mabanda' ni afadhali kidogo kwa kuwa huyataja majengo bila kuwahukumu wakazi, ingawa banda pia ni makao ya kuku. Wenyeji hawana haja ya sifa hizo. Husema tu Makina, Lindi, Gatwekera au Laini Saba. Na upande wa Kawangware, Gatina au Kabiro. Ikiwa habari inahusu ukosefu wa maji au vyoo, na isemwe hivyo waziwazi. Ukosefu wa vyoo una wa kuulizwa, ilhali 'uduni' huonekana kama maumbile ya mtaa.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kila mtu ana hadhi ya kuzaliwa nayo, na ana haki ya hadhi hiyo kuheshimiwa na kulindwa. Kifungu cha 29 kinapiga marufuku kumtendea mtu kwa namna ya kikatili, isiyo ya kibinadamu au ya kutweza. Katiba haikuweka sharti kwamba mtu huyo awe na nyumba ya mawe au awe amemaliza kulipa kodi.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Mkazi wa Kawangware anayemwamkia mzee kwa shikamoo hajapungukiwa na kitu, kwa kuwa salamu hiyo ameitoa mwenyewe na atajibiwa marahaba. Lakini wakala, askari au mwajiri anapomtaka mtu anyenyekee, msikilizaji na atafute kwanza kile kiambishi 'ji'. Kisipokuwepo, jina la jambo hilo ni udhalilishaji, na mlalamikaji ana haki ya kulitaja hivyo kwa chifu, kituoni na mahakamani.