Kusubu na Kukandamiza: Istilahi za Utengenezaji wa Risasi

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana tatu: madini laini na mazito, kipande kirukacho kutoka katika mtutu, na kipande hicho pamoja na ganda na baruti yake. Mazungumzoni hakuna dhara. Katika sheria au hati za forodha, mfasiri asiyezitenganisha aweza kumtia hatiani mwenye donge la madini tu. Hivyo twapendekeza madini ya risasi, kichwa cha risasi, na risasi kamili.

Utata huzidi tufasiripo vitabu vya Marekani, ambako wapo wanaojitengenezea vichwa vya risasi za bastola nyumbani. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kusubu: madini huyeyushwa, kwa nyuzi 327 za Sentigredi, kisha humiminwa katika kalibu. Ya pili haihitaji kuyeyusha: madini baridi hubanwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu mpaka yachukue umbo lake.

Kitendo hiki cha pili tusikiite kushindilia, kwani neno hilo lilikwisha kutumika kwa kujaza baruti katika gobori. Kukandamiza kwafaa zaidi. Basi tuseme kalibu ya kusubia na kalibu ya kukandamizia. Ubora wa hii ya pili huamuliwa kwa ugumu wa chuma, ulaini wa uso wa ndani, na ulingano wa vipenyo vya vichwa inavyotoa. Mfasiri akiandika kalibu pasipo sifa, msomaji atatafuta moto usiokuwapo.