Mtoto wa Kikundi Anapokwenda Kufundisha Ng'ambo



Siku hizi vijana wetu waliosomea ualimu wanatafuta kazi mbali. Wengine wanakwenda Thailand, huko Asia, kufundisha Kiingereza. Mara nyingi nauli inatoka kwa harambee: mama ameuza ng'ombe, kikundi kimetoa akiba. Basi inafaa sisi tuliobaki tujue mambo yanayomngoja yule mwalimu. Tukijua, hatutagombana naye bure.

KARATASI KWANZA, NDEGE BAADAYE

Kufundisha kwa viza ya utalii ni kosa la sheria huko Thailand. Mtu anaweza kushikwa na kurudishwa nyumbani, na pesa za harambee zimekwenda. Mwalimu anahitaji barua ya shule itakayomwajiri, viza ya kazi ya aina ya B kutoka ubalozi wa Thailand, kisha kibali cha kazi. Akikaa siku 90 mfululizo ni lazima aarifu idara ya uhamiaji anakoishi, na arudie hivyo kila siku 90.

Ajenti akisema, "Nenda tu na viza ya utalii, mambo yatajipa huko," mkatazeni. Kabla ya kulipa chochote, ulizeni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama huyo ajenti amesajiliwa.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Mshahara huja mwisho wa mwezi, lakini matumizi hayangoji. Mwenye nyumba mara nyingi hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya miezi miwili, zote kwa pamoja. Bado chakula, nauli na nguo za kazini. Kwa hivyo mwalimu aondoke na akiba ya kumtosha, na sisi tusingoje pesa kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Tukimpigia wiki ya pili kumwuliza, "Sasa utatuma lini?" atakopa, ama ataacha kushika simu. Hapo tumempoteza.

ADABU ZA WENYEWE

Kwetu tunasalimiana kwa mkono. Huko mtu huunganisha viganja kifuani na kuinama kidogo; mdogo ndiye huanza. Kichwa huheshimiwa sana, kwa hivyo mwalimu asimguse mwanafunzi kichwani, hata kwa upendo. Miguu nayo huhesabiwa kuwa ya chini: usimwelekezee mtu nyayo zako. Viatu huvuliwa mlangoni. Kufoka mbele ya watu ni aibu, na anayefoka ndiye hudharauliwa.

Hata kalenda itamchanganya. Wao huhesabu miaka kwa hesabu ya Kibudha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543. Mwaka wetu wa 2024 wao waliandika 2567.

Lakini mwalimu huheshimiwa. Kila mwaka, mara nyingi siku ya Alhamisi mwezi wa Juni, wanafunzi hupiga magoti na kuwapa walimu wao maua. Darasani wengi huona haya kusema Kiingereza wakiogopa kukosea. Tabasamu si lazima iwe ni kuelewa. Mwalimu aende pole pole.

UPWEKE

Hili halisemwi sana. Lugha ni ngeni, chakula ni kigeni, na jioni hakuna wa kupiga naye hadithi. Tumpigie simu za salamu tu, si za shida kila mara. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne: kwetu ikiwa saa tatu usiku, kwake ni saa saba usiku na amelala. Saa kumi jioni ni afadhali, maana kwake ni saa mbili usiku.

MJADILIANE KIKUNDINI

1. Tutajuaje kwamba karatasi za kijana wetu ni za kweli kabla ya kuitisha harambee?
2. Je, tulikubaliana naye kabla hajaondoka ni lini ataanza kurudisha, na kiasi gani?
3. Nani kati yetu atampigia simu ya salamu kila wiki?