Je, Wajua? Bia ya Nyumbani Huiva Lini

Je, wajua kwamba ndoo ya bia ikinyamaza si lazima bia iwe imeiva? Wanaopika bia nyumbani hufunika ndoo na kuchomeka kizibo chenye maji, na gesi ikipita maji hayo hutoa mapovu. Mapovu yakikoma, wengi hukimbilia chupa. Lakini kifuniko kisichobana sawasawa huvujisha gesi pembeni, kizibo kikakaa kimya huku hamira ikiendelea kula sukari. Kinyume chake pia hutokea: chumba kikipata joto mchana, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia hutoka yenyewe, kizibo kikatoa mapovu hata kama kazi iliisha wiki iliyopita.

Je, wajua kwamba jibu la uhakika linatoka kwenye haidromita, ndugu wa ile laktomita ambayo karani wa maziwa hutumbukiza kwenye ndoo ya mfugaji kuona kama maziwa yameongezwa maji? Ni mrija wa kioo wenye uzito chini, unaoelea. Kwenye maji matupu husoma 1.000. Kwenye maji matamu ya kimea, kabla ya hamira, husoma kama 1.050 kwa bia ya kawaida. Kadiri sukari inavyogeuka kileo na gesi, mrija huzama, na mara nyingi hutulia karibu na 1.010. Bia hiyo ina kileo cha asilimia 5 na ushei.

Je, wajua kwamba haidromita inaweza kukudanganya kwa sababu ya mapovu madogo tu? Hung'ang'ania kioo na kukinyanyua, ukasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Uzungushe mrija kwa vidole viwili uyaangushe, subiri utulie, kisha inama mpaka jicho lilingane na uso wa bia. Soma pale uso ulipo tambarare, usisome pale bia inapopanda kidogo kwenye kioo. Angalia na joto pia, kwa kuwa haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Bia uliyoipima usiirudishe kwenye ndoo. Ionje, ulimi nao una habari zake.

Je, wajua kwamba namba moja haitoshi? Bia imeiva pale namba inaporudi ileile kwa siku mbili au tatu mfululizo.

Je, wajua kwamba kati ya 1.014 na 1.010 kuna hatari kubwa? Tofauti hiyo ni sukari ya gramu 8 hivi kwa kila lita. Sukari ambayo mpishi huongeza makusudi ili bia ipate gesi ndani ya chupa ni kama gramu 6 kwa lita. Kwa hiyo anayejaza chupa bia ikiwa bado 1.014 badala ya 1.010, kisha akaongeza sukari kama kawaida, amefungia zaidi ya maradufu ya gesi aliyoikusudia. Chupa ya kioo ikishindwa hupasuka na kurusha vipande, na kuna watu wameumia mikono na macho. Ndiyo maana nasisitiza: subira ya siku tatu haina gharama.

Je, wajua kwamba namba inaweza kusimama kabla ya wakati? Usiku ukiwa baridi, hamira huzama chini na kulala. Hamira ya saison, bia ya mashambani ya Ubelgiji, inajulikana kwa kukwama njiani kisha kuamka ikipewa joto. Ukitaka kujua kama bia imekwama au imemaliza, chota kidogo mapema kabisa, kitie hamira nyingi, kiweke mahali pa joto na ukitikise mara kwa mara. Kitamaliza kabla ya ndoo, na namba yake ndiyo ndoo inayoielekea.

Je, wajua kwamba sukari ya maziwa haiguswi na hamira ya bia? Ndiyo maana bia nyeusi iliyotiwa sukari hiyo huweza kuishia juu ya 1.020 na bado ikawa imeiva.

Je, wajua kwamba bia iliyomaliza sukari yote huenda bado ina harufu ya siagi? Weka kidogo katika glasi mbili na uzifunike. Moja ipashe joto la nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20, ipoe, kisha unuse zote. Siagi ikinukia kwenye iliyopashwa, iache bia juu ya hamira siku chache zaidi. Hamira yenyewe itaisafisha.

Je, wajua kwamba John Richardson wa Hull, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu haidromita ya kupimia bia mwaka 1784, zaidi ya miaka 70 kabla ya mwanasayansi Pasteur kuandika kwamba uchachushaji ni kazi ya viumbe hai?

Je, wajua kwamba pombe za mnazi na mbege hazisubiri kumaliza? Hunywewa zikiwa bado zinachemka kwa hamira yake, na chombo kilichofungwa kabisa huvimba.

Je, wajua kwamba chupa moja ya plastiki ya soda, ikijazwa bia pamoja na zile za kioo, hukusemea hali ya zote? Ibonyeze kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, peleka chupa zote kwenye friji.