Programu na Karani wa Mizani

Msimu wa kahawa unapowadia wilayani Muleba, na mikeka ya maganda ikatandazwa nyuani kutoka Kamachumu mpaka Nshamba, yuko mtu mmoja ambaye katika miezi mingine ya mwaka hupita njiani bila ya kutazamwa mara mbili, lakini sasa hugeuka ghafla kuwa mtu wa heshima na wa lawama kwa pamoja: karani wa mizani wa chama cha msingi. Yeye ndiye apimaye gunia, atajaye kilo kwa sauti, aandikaye daftarini na akataye stakabadhi. Na mkulima aliyevumilia shida za nyumbani akakataa kuiuza kahawa yake kwa butura, yaani ingali mtini na kwa bei ya kuonewa, huutazama mkono wa karani unavyoandika kwa jicho lisilopepesa.

Kwa karani mmoja wa namna hiyo, mtu wa makamo mwenye hati nzuri na miwani iliyofungwa uzi, mpwa wangu asomaye Dar es Salaam aliandika msimu uliopita programu ndogo ya kompyuta kwa lugha ya Python. Haikuzidi mistari 80. Kazi yake ilikuwa kuisoma orodha ya mizani, kujumlisha kilo za kila mkulima, kuzidisha kwa bei, kutoa makato na kuandika orodha ya malipo. Kazi ambayo karani huifanya kwa kikokotoo usiku tatu au nne, programu iliimaliza kabla mtu hajameza mate. Kijana alimwonyesha mzee mara mbili, akashukuriwa, akapewa mkungu wa ndizi wa kwenda nao, akapanda basi. Siku ya tatu simu ikalia. Mzee alisema kwamba kompyuta imefungua dirisha jeusi, imemwaga mistari saba ya Kiingereza, kisha imenyamaza, naye amerudi kwenye kikokotoo chake.

Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, kisha nikajuta kucheka, kwa sababu aibu ile haikuwa ya karani. Programu ambayo hufanya kazi pale tu mtunzi wake akiwa ameketi ubavuni bado haijawa chombo. Ni sehemu ya mtunzi mwenyewe, na akiondoka huondoka nayo, hata kama faili limebaki mezani.

Kwanza niseme neno juu ya Python, kwani wengi huidhania nyoka. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianza mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa hadharani Februari 1991, aliipa jina hilo kwa mapenzi yake kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python, wala hakumfikiria chatu. Sifa yake kubwa ni kwamba amri zake husomeka kwa wepesi, hazina mapambo mengi, na hata nafasi iachwayo mwanzoni mwa mstari ina maana yake. Ndiyo sababu wanafunzi, wahasibu na wataalamu wa takwimu wasiokuwa mafundi wa kompyuta kwa asili wameikimbilia. Lakini wepesi huo ni wa mwandishi. Karani wa mizani haisomi programu. Yeye husomewa na programu kile alichokiandika, na msomaji huyo ni mkali kuliko mwalimu yeyote wa zamani.

Si kwamba mkoa wa Kagera, iliko Muleba, ni mgeni wa mushkili huu wa chombo kuachwa mikononi mwa asiyekitunga. Mwaka huo huo wa 1991, na hii ni sadfa tu, Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza utafiti mkubwa wa kaya za mkoa huu, kaya 915 katika jumuiya 51, wakizirudia mara kwa mara mpaka mwaka 1994, ili ijulikane jinsi vifo vya watu wazima, wakati ukimwi ulipokuwa umeubana mkoa, vilivyowaathiri waliobaki. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watu wale wale walitafutwa upya. Hapo ndipo hesabu ilipopanuka: watoto walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wamehamia Mwanza, wengine Dar es Salaam, wengine wamevuka kwenda Uganda, hata kaya zile za mwanzo zikawa zimezaa kaya zaidi ya 2,700 katika awamu ya 2004 na zaidi ya 3,300 katika ile ya 2010. Mtu anayeuliza maswali katika safari ya namna hiyo hana mtunzi wa dodoso ubavuni. Yumo ndani ya migomba ya watu, ameketi juu ya kigoda, na mbele yake kuna karatasi isemayo kwamba kama jibu ni ndiyo ruka mpaka swali la 14, na kama ni hapana endelea na la 9. Akiruka vibaya, hakuna wa kumgutusha, na kosa litagunduliwa baada ya miezi, mwenye jibu akiwa hayupo tena.

Katika mji wa Bukoba lilikuwako shirika la utafiti, EDI, lililoasisiwa na mchumi Joachim De Weerdt, ambalo lilichoshwa na makosa hayo likatunga programu yake lenyewe, surveybe, ikatumika katika awamu hiyo ya mwaka 2010. Lugha iliyoandikiwa haina uzito hapa. Lenye uzito ni kwamba ilikusudiwa watu wa aina mbili, na wote wawili si waandishi wa programu: mtafiti, aliyeweza kulipanga dodoso lake mwenyewe bila ya kuandika amri hata moja, na muulizaji, ambaye kompyuta ilimfungulia swali lililostahili na kumfungia lisilostahili, na ikakataa kwa adabu umri wa mama uliokuwa mdogo kuliko wa mwanawe.

Faida ya adabu hiyo ilipimwa kisiwani Pemba, ambako kaya 1,840 ziligawanywa kwa kura, nyingine zihojiwe kwa karatasi na nyingine kwa kompyuta. Na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012 na Bet Caeyers, Neil Chalmers na De Weerdt, yalikuwa ya kushtua kidogo. Makosa ya karatasi yalikuwa mengi, nayo hayakutawanyika ovyo bali yaliandamana na hali za kaya zenyewe. Tena matumizi ya watu yalionekana makubwa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kompyuta, kiasi kwamba umaskini ulipimwa kuwa mdogo kuliko ulivyopimwa na mashine. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kumrahisishia mtumiaji ni urembo wa programu. Kalamu iliyoteleza inaweza kumtajirisha maskini kwa takwimu, na hali chungu chake ni kile kile.

Turudi kwa mpwa wangu. Alipokuja likizo nilimtaka afanye jambo moja tu: aketi kibandani pa mizani kutwa nzima, asiguse kibodi, asifundishe. Hili la kutofundisha lilimwia gumu, kwani wasomi wetu wana maradhi ya kufundisha, na kijana akiona mtu anakosea hukimbilia kumsahihisha mtu, ilhali pengine kilichokosea ni chombo. Aliamkia shikamoo, akapewa kigoda, akatazama.

Aliona kwamba karani huandika kilo elfu moja mia mbili na hamsini kwa mkato, 1,250, kama alivyofunzwa shuleni na kama benki ziandikavyo. Na Python, ikipewa tarakimu yenye mkato igeuzwe kuwa namba, haisiti wala haiulizi, bali huanguka papo hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mistari saba ya Kiingereza. Aliona pia kwamba namba ya simu ya mkulima, ikichukuliwa kuwa namba ya hesabu, hupoteza sifuri yake ya mwanzo, na mkulima akakosa ujumbe wa malipo.

Kisha ikaja habari ya saa, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Programu ilitaka wakati wa kupima, na karani aliandika kama asemavyo kila mtu wa pwani na wa bara: saa 1 asubuhi, saa 3, saa 8 mchana. Mashine, ambayo siku yake huanza usiku wa manane, ilisadiki kabisa kwamba gunia la kwanza lilipimwa saa saba za usiku, wakati ambao anayepita njiani na gunia la kahawa begani aghalabu si mwenye kahawa. Sasa pana vitufe vitatu, asubuhi, mchana na jioni, na nyongeza ya saa sita au zaidi hufanywa na programu yenyewe kimyakimya, bila ya kumtaka mzee abadili dini ya saa yake.

Kosa la hatari zaidi halikumwaga Kiingereza chochote. Python, ikiambiwa iizungushe namba iwe nzima, nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu: 2.5 huwa 2, na 3.5 huwa 4. Wataalamu wana hoja yao, kwamba katika jumla kubwa upendeleo hujifuta. Lakini mkulima aliyefunzwa kwamba nusu hupanda, na anayepiga hesabu yake kichwani akisubiri foleni, akiona shilingi moja imepungua hatauliza habari za shufwa na witiri, atauliza nani kaila. Kijana aliiandika upya sehemu ile ifuate kanuni ya shuleni.

Kazi ya mlangoni ikafuata. Dirisha jeusi liliondoka, na mahali pake, kwa msaada wa Tkinter ambayo huja pamoja na Python yenyewe, pakawekwa dirisha la kawaida lenye kitufe cha kuchagua faili, kwani awali programu ilidai faili liitwe jina moja tu na likae folda moja tu, kama mgeni asiyekula ila katika sahani yake. Penye kosa, sasa husema: “Mstari wa 14: kilo hazisomeki, umeandika ‘62 na nusu’. Andika kwa tarakimu, mfano 62.5.” Mwishowe vyote vikafungashwa kwa PyInstaller, ambayo huitia programu katika furushi moja pamoja na mkalimani wake, ili kompyuta isiyo na Python iweze kuiendesha, na kwa kuwa furushi la Windows halina budi kufungwa ndani ya Windows, kijana, ambaye kompyuta yake ni ya namna nyingine, alilazimika kuazima mashine mjini Bukoba. Mistari yake michache ikawa mzigo mzito ajabu, maana mkalimani amekuja na kitanda chake. Na kinga ya virusi katika kompyuta ya chama ililishuku furushi hilo siku ya kwanza ikalifungia, ikabidi liombewe idhini. Kuiweka katika intaneti kungaliondoa adha hiyo, lakini kibandani pale mtandao huja na kwenda upendavyo.

Mwezi wa pili wa msimu huu simu ililia tena, na mpwa wangu alipoipokea niliuona uso wake umebadilika.

“Mwanangu,” alisema karani, “programu yako haina neno. Ila jina la mkulima na kilo zake kwenye orodha ya malipo ni vidogo mno. Wazee wanakuja bila miwani, wananiomba niwasomee, na mimi ndiye niliyepima.”

Usiku ule ule kijana alibadili namba moja tu katika programu yake, ukubwa wa herufi, kutoka 9 mpaka 16, akalifunga furushi upya.